Alichemsha Maji

Blaenau Ffestiniog mvua haina msimu.
Hunyesha juu ya vifusi vya mawe,
milima waliyoipasua babu zetu wakaezeka nyumba za wengine.
Sisi tulibakiwa na vipande, na shule moja,
na ukumbi juu ya duka la chipsi
ambamo mimi, Nerys, hupokea vijana Jumatano na Ijumaa.

Mwezi wa tatu waliniita nizungumze na walimu.
Saa kumi jioni. Biskuti mezani. Nusu yao wanasahihisha madaftari.
Nikasema: wapo watoto hapa wanaojiumiza.
Kalamu zikasimama.
Nikasema: si mkumbo, si utukutu.
Nikasema: mwulizeni wazi kama anafikiria kufa,
swali halipandi mbegu.

Gethin Pritchard, hesabu, miaka ishirini na sita kazini,
akakunja mikono. "Wanatafuta kutazamwa tu."
Nilikuwa na jibu kwenye karatasi. Sikulisoma.
"Basi tuwatazame," nikasema.
"Anayeomba maji humwiti mlafi."
Hakuna aliyecheka. Yeye aliondoka kabla biskuti hazijaisha.

Sikuwaambia jambo moja.
Mwaka wangu wa kwanza kazini binti mmoja alinionyesha mkono,
nami nikapiga yowe: "Umefanya nini!"
Akashusha mkono wa sweta, taratibu,
kama mtu afungaye duka.
Miezi kumi na minne hakukanyaga ukumbini.
Hadi leo nikisikia yowe langu mwenyewe
najua lilikuwa la kwangu, la hofu yangu,
na yeye ndiye aliyelibeba.

Mwezi wa tano simu ikalia. Gethin.
Sauti imekauka kama chaki.
"Heledd alibaki baada ya kipindi," akasema.
"Alijifanya ana swali la pembetatu.
Halafu hakuwa na swali la pembetatu."

"Ukasema nini?"

"Sikujua la kusema. Nikachemsha maji."

Nilinyamaza, akadhani namlaumu, akaharakisha:
hakukodoa macho, hakuuliza kwa nini,
alimwuliza tu kama kuna kidonda cha kutazamwa na nesi.
Kisha, akikoroga sukari ambayo mtoto hakuiomba,
akauliza lile swali lenyewe. La kufa.
Heledd akasema hapana. Akasema: si leo.
Akasema: usimwambie mtu.

"Hapo ndipo nilipotaka kudanganya, Nerys.
Nikamwambia: hilo siwezi kuahidi.
Ila hakuna mlango nitakaobisha kabla hujajua ni mlango gani."

Wakaandika pamoja, nyuma ya karatasi ya mtihani:
nesi, jioni hiyohiyo. Mama, kesho, Heledd akiwepo.
Daktari. Mimi.
Jifya moja haliinjiki chungu,
na mtoto ni mzito kuliko chungu.

"Nilikosea wapi?" akauliza.
Mtu wa hesabu. Anatafuta mstari wa kupigia wino mwekundu.
Nikamwambia, chai ilikuwa na sukari.

Sasa ni Juni, na wageni wanapiga picha vifusi vyetu
kana kwamba tuliviweka kwa ajili yao.
Ijumaa Gethin hupanda ngazi zetu na birika lake mwenyewe
kwa kuwa letu linavuja.
Huketi pembeni, husahihisha, hazungumzi sana,
na meza yake ndiyo inayojaa.

Heledd huja akiwa amevaa sweta. Hatumwulizi sweta.
Wiki nyingine hucheka hadi mwenye chipsi anagonga dari yake kwa ufagio.
Wiki nyingine hakai.
Juzi alitua mkoba akasema, bila kumtazama yeyote:
"Jumanne ilikuwa mbaya."

Zamani Jumanne ingepita bila jina.

Gethin akafunika kalamu.
Birika lilikuwa limeanza kunong'ona.
Akamsogezea kiti kwa mguu,
akaenda kutafuta vikombe.